Tutie Matiko Zana Zetu



Tazama mapanga mawili. Yana umbo moja na uzito mmoja. Moja ukilinoa asubuhi, unafyeka nalo shamba mpaka adhuhuri na makali yake bado yapo. La pili ukilinoa asubuhi, kabla ya saa nne limekuwa butu. Unakaa chini unanoa tena. Siku inakwisha kwa kunoa, na shamba halijafyekwa.

Tazama pia patasi mbili za seremala. Moja inachonga mvule wiki nzima. Ya pili ni ngumu mno, lakini ikigongwa nyundo mara chache inameguka pembe. Kipande kidogo cha chuma kinaruka. Kikimpata fundi jichoni, kinaweza kumpofua.

Kwa nini zana hizi zinafanana kwa macho lakini zina tabia mbalimbali? Jibu halimo katika umbo lake. Limo ndani ya chuma chenyewe, na liliingizwa humo kwa moto. Kazi hiyo huitwa kutia matiko.

Kutia matiko ni kukipasha chuma moto mpaka kiwe chekundu, kukipoza ghafula, kisha kukipasha tena kidogo, ili kiwe kigumu lakini kisivunjike.

Hata kama wewe si mhunzi, somo hili linakuhusu. Zana nyingi hutoka kiwandani zikiwa na matiko mazuri. Anayeyaharibu ni mwenye zana mwenyewe, bila kujua.

Zana zetu za pwani

Hapa Bagamoyo, na katika pwani yote kutoka Kunduchi, Mapinga na Kerege hadi Mlingotini, Kaole na Saadani, watu wengi hupata riziki kwa zana zenye makali. Mkulima ana panga, shoka na jembe. Mgema ana kisu cha kugemea tembo la mnazi. Muuza madafu ana panga lake. Fundi wa ngalawa ana shoka na tezo za kuchongea gogo la mwembe. Fundi wa mashua ana msumeno, keekee na patasi. Mchongaji ana patasi za kila namna, pana na nyembamba, bapa na za mviringo.

Mji wa Bagamoyo unajulikana kwa milango ya nakshi ya nyumba zake za kale. Tangu mwaka 1981 mji huu una chuo cha sanaa, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Nakshi haichongwi kwa patasi butu. Patasi butu haikati mbao, bali huichana.

Kila kazi inadai chuma chenye tabia yake. Kisu cha mgema hukata kitu laini na hakigongwi. Hicho kinaweza kuwa kigumu sana. Shoka hupigwa kwa nguvu katika kuni kavu. Likiwa gumu kama kioo, litavunjika. Msumeno nao hunolewa kwa tupa, jino kwa jino. Ukiwa mgumu kushinda tupa, utaunoaje? Kwa hiyo usiseme tu, "Nataka chuma kigumu." Jiulize kwanza, "Chuma hiki kitafanya kazi gani?"

Chuma laini na chuma cha pua

Si kila chuma kinachokubali matiko. Kuna chuma laini, na kuna chuma cha pua. Kinachovitofautisha ni kitu kidogo kiitwacho kaboni. Kaboni ndiyo sehemu kubwa ya makaa meusi unayoyajua. Imo pia ndani ya chuma, lakini kwa kiasi kidogo sana.

Chukua kilo moja ya misumari ya kawaida. Ndani yake mna kaboni kama gramu 1 au 2 tu. Hicho ni chuma laini. Ukikipasha na kukizamisha katika maji, kitabaki laini. Sasa chukua kilo moja ya chuma cha springi za gari. Ndani yake mna kaboni kama gramu 6. Hicho ni chuma cha pua, na kinakubali matiko vizuri. Tupa ina kaboni nyingi zaidi, kiasi cha gramu 10 au zaidi katika kilo moja. Ndiyo maana tupa inaweza kukwangua chuma kingine, na ndiyo maana ikianguka kwenye sakafu inaweza kukatika.

Wahunzi wengi wa vijijini hufua tezo, visu na patasi kwa vipande vya springi za magari mabovu. Hilo ni jambo jema. Lakini ukiokota chuma usichokijua, kijaribu kwanza. Fanya hivi:

1. Kata kipande kidogo, kama urefu wa kidole.
2. Kipashe mpaka kiwe chekundu vizuri, kisha kizamishe katika maji.
3. Kifunge ndani ya gunia, kibane kwa koleo, na kipige nyundo.

Kikipinda, hicho ni chuma laini. Kitumie kwa bawaba au pete ya mpini. Kikikatika kama kigae, hicho ni chuma cha pua, na unaweza kukifanya zana ya kukatia. Usisahau lile gunia. Linazuia vipande visiruke.

Ndani ya chuma kunatokea nini?

Chuma kimeundwa kwa chembe ndogo mno zilizojipanga safu kwa safu. Chuma kikiwa baridi, chembe hizo zina mpango mmoja. Kikiwa chekundu kwa moto, hujipanga upya kwa mpango wenye nafasi ya kupokea kaboni. Kaboni huenea ndani ya chuma kama chumvi inavyoenea ndani ya maji, ingawa chuma chenyewe hakijayeyuka.

Sasa, ukikiacha chuma hicho kipoe polepole ndani ya majivu, kaboni hupata muda wa kutoka mahali ilipoingia. Chembe hurudi katika mpango wake wa kwanza. Chuma huwa laini, na unaweza kukichonga kwa tupa.

Lakini ukikipoza ghafula, kaboni haipati muda wa kutoka. Inanaswa ndani. Chembe za chuma zinabanana, wala haziwezi kuteleza moja juu ya nyingine. Chuma kinakuwa kigumu sana.

Ugumu huo una hasara yake. Chuma kilichobanwa hivyo hakiwezi kupinda hata kidogo. Kikigongwa, hupasuka kama kioo. Kwa hiyo tunakipasha mara ya pili, kwa moto mdogo, kati ya nyuzi 200 na 300 za sentigredi. Moto huo unaruhusu sehemu ya kaboni itoke. Ugumu unapungua kidogo, na chuma kinaanza kustahimili kugongwa.

Kumbuka basi kwamba kutia matiko kuna hatua tatu: kupasha, kuzamisha na kulegeza. Mtu anayepasha na kuzamisha tu, kisha akaanza kazi, ameacha kazi katikati. Zana yake itameguka.

Vitu vya kutayarisha

Tuseme fundi ana patasi iliyofuliwa kwa chuma cha springi. Patasi hiyo iliungua moto na sasa haishiki makali. Anataka kuitia matiko upya. Atayarishe vitu hivi:

Jiko la makaa na mvukuto. Makaa ya vifuu vya nazi ni mazuri sana kwa kazi hii. Yana moto mkali, na vifuu havikosekani pwani. Usikate mikoko kwa ajili ya makaa. Mikoko inalindwa na sheria, nayo ndiyo mazalio ya samaki na kamba.

Koleo ndefu.

Sumaku. Unaweza kuitoa katika spika ya redio iliyokufa. Ifunge kwenye waya.

Mafuta ya kupikia, kama lita 5, katika chombo cha chuma chenye kifuniko. Usitumie chombo cha plastiki. Usitumie petroli wala mafuta ya taa, maana yatalipuka. Oili chafu ya injini hutoa moshi wenye sumu, kwa hiyo iache.

Pande nene la chuma, kama kichwa cha nyundo kubwa iliyokwisha kazi.

Tupa, kinoo na kipande cha tofali.

Ndoo ya mchanga mkavu. Mafuta yakishika moto, yafunike kwa kifuniko au kwa mchanga. Kamwe usiyamwagie maji. Maji yatayarusha mafuta yanayowaka, nayo yataunguza watu.

Vaa viatu, nguo za pamba na miwani ya kukinga macho. Nguo za nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi. Weka watoto mbali. Tena, usipashe moto bomba au bati lililopakwa zinki, kwa sababu moshi wake huleta homa na kifua.

Kazi yenyewe

Hatua ya kwanza: Kupasha

Toa mpini. Safisha patasi na uichonge umbo lake, lakini usiinoe bado. Acha ncha iwe na unene kama wa sarafu. Ncha nyembamba huungua upesi motoni na hupasuka upesi inapopozwa.

Ipashe polepole. Usiweke ncha katikati ya moto mkali, maana ncha itaungua kabla ya sehemu ya nyuma kupata moto. Anzia nyuma kidogo, kisha sogeza kuelekea ncha. Tunataka kipande cha kiasi cha sentimeta 5 kiwe na rangi moja.

Tazama rangi. Kwanza chuma kitakuwa na wekundu wa damu ya mzee. Hapo bado. Kisha kitakuwa chekundu kama pilipili iliyoiva. Huo ni moto wa kiasi cha nyuzi 800, na hapo ndipo tunapopataka. Kikifika rangi ya chungwa umepita kiasi. Kikianza kurusha cheche nyeupe kinaungua, na chuma kilichoungua hakirudi. Kata sehemu hiyo uitupe.

Fanya kazi hii kivulini. Katika jua kali la pwani chuma chenye moto mwingi huonekana kama kina moto mdogo. Ukipashia juani, utazidisha moto bila kujua.

Je, kama huna uhakika wa rangi? Tumia sumaku. Chuma kikifika nyuzi 770, sumaku haikivuti tena. Kiguse kwa sumaku mara moja, upesi. Kama sumaku bado inavuta, rudisha motoni. Ikiacha kuvuta, pasha kidogo tu kupita hapo, kisha kifanye kitulie katika moto huo kwa dakika moja hivi.

Hatua ya pili: Kuzamisha

Ichukue patasi kwa koleo na uizamishe katika mafuta kwa wima, ncha ikiwa chini. Usisitesite. Ichezeshe juu na chini, si upande kwa upande. Ukiiyumbisha kando, upande mmoja utapoa kabla ya mwingine, na patasi itapinda. Moto mdogo unaweza kuwaka juu ya mafuta. Usiogope, iache patasi mle ndani mpaka ipoe, huku umekaa tayari na kifuniko.

Patasi ikipoa, itoe na uifute. Sasa ijaribu kwa tupa pembeni mwa ncha. Kama tupa inateleza bila kuuma, kama vile inateleza juu ya kioo, ugumu umepatikana. Kama tupa inauma, moto haukutosha. Rudia hatua ya kwanza.

Tahadhari: wakati huu patasi ni kama kioo. Usiigonge wala kuiangusha. Na usiiache mpaka kesho, kwa sababu chuma kilichobanwa kinaweza kupasuka chenyewe. Endelea mara moja.

Hatua ya tatu: Kulegeza

Sugua ncha ya patasi kwa kipande cha tofali mpaka ing'ae. Usiiguse sehemu hiyo kwa vidole vyenye mafuta. Hatua hii, tofauti na ile ya kwanza, inataka mwanga mzuri. Sogea mlangoni.

Pasha lile pande nene la chuma mpaka liwe jekundu, kisha litoe motoni. Weka shingo ya patasi juu yake, na ncha yake iwe nje, mbali na pande. Tazama bila kupepesa. Chuma kinachong'aa kitaanza kubadilika rangi. Rangi hizo zitatembea polepole kutoka shingoni kuelekea ncha. Kila rangi ina maana yake:

Rangi ya nyasi kavu: nyuzi 220 hivi. Inafaa visu vya kukwangulia na visu visivyogongwa.

Rangi ya nyasi iliyokolea: nyuzi 240 hivi. Inafaa patasi za kuchongea mbao na visu vya randa.

Kahawia: nyuzi 260 hivi. Inafaa patasi zinazogongwa kwa nguvu, na tezo.

Zambarau: nyuzi 280 hivi. Inafaa shoka, na tindo za kukatia chuma.

Buluu: nyuzi 300 hivi. Inafaa panga, msumeno na springi.

Baada ya buluu huja kijivu. Hapo ugumu mwingi umekwisha kutoka.

Kwa patasi yetu tunataka rangi ya nyasi iliyokolea. Mara tu rangi hiyo inapofika kwenye ncha, itose patasi katika maji. Usingoje. Rangi huonekana kutembea polepole, lakini mwishoni hukimbia. Shingo itakuwa na buluu, na hilo ndilo jema. Ncha ni ngumu ya kukata, na shingo ni laini ya kustahimili nyundo.

Ukichelewa na buluu ikafika kwenye ncha, usijidanganye. Rudia kazi tangu hatua ya kwanza. Haraka haraka haina baraka, lakini kuchelewa kwa dakika hii pia kunaharibu.

Sasa tia mpini, noa kwenye kinoo, na ujaribu katika mbao ngumu. Ncha ikimeguka, mara nyingine ilegeze zaidi kidogo. Ncha ikijikunja, mara nyingine ilegeze pungufu kidogo. Zana yenyewe ndiyo mwalimu wako.

Maji, maji ya bahari au mafuta?

Watu wengine hudhani kwamba maji baridi sana hufanya zana bora zaidi. Si lazima. Kila kimiminiko kina kasi yake ya kupoza.

Mafuta hupoza kwa kiasi. Yanafaa chuma cha springi na zana nyembamba. Maji hupoza upesi zaidi. Chuma cha springi kikizamishwa katika maji mara nyingi hupata ufa.

Maji ya bahari hupoza upesi kuliko maji ya kisima. Sababu yake ni hii. Chuma chekundu kikiingia katika maji, mvuke hukizunguka kama blanketi, na blanketi hilo huzuia maji yasikiguse chuma. Chumvi hulipasua blanketi hilo. Maji hukigusa chuma moja kwa moja, na chuma hupoa kwa kasi kubwa. Kwa hiyo mhunzi wa pwani anayezamisha zana katika maji ya bahari anapata ugumu mwingi, lakini pia anajitafutia nyufa. Maji ya chumvi yaachie vyuma vinene, vyepesi vya umbo, visivyo na pembe kali. Kwa patasi na visu vya chuma cha springi, tumia mafuta.

Je, panga? Panga ni refu na jembamba. Katika moto wa makaa ni vigumu sana kulipasha lote kwa rangi moja, na likizamishwa hujipinda. Panga lililopoteza matiko mpeleke mhunzi mzoefu. Wewe mwenyewe jifunze kwa patasi na visu vifupi kwanza.

Mambo yanayoharibu matiko

Sasa tunafika kwa wewe ambaye huna jiko wala mvukuto. Matiko yaliingia kwa moto, na kwa moto hutoka. Angalia mambo haya:

1. Kuchochea moto kwa panga au kisu. Ncha ikikaa motoni hata kwa dakika chache, ugumu hutoka.

2. Kuchoma shoka ili kutoa mpini uliovunjika. Ni kazi rahisi, lakini shoka huharibika. Toboa mpini kwa keekee, kisha usukume kwa nyundo na kipande cha chuma.

3. Kunoa kwenye cherehe bila maji. Cheche nyingi hupendeza macho, lakini ukiona buluu kwenye ncha, ujue ncha hiyo imelegea. Hata mwenye mashine akikwambia limekuwa kali, ukali huo hautadumu. Mwambie achovye zana katika maji kila mara, na asikandamize sana. Zana isizidi moto ambao kidole kinaweza kuvumilia.

4. Kufyeka chini mpaka kwenye mawe na mchanga. Hapo huharibu matiko, bali unaharibu makali, na unalazimika kwenda kwenye cherehe mara kwa mara.

Kama ncha imepata buluu kwa kunoa, usikate tamaa. Mara nyingi sehemu iliyoharibika ni ndogo, kama milimeta moja au mbili. Iondoe polepole kwa kinoo chenye maji, nawe utafikia chuma chenye matiko tena.

Kutu ya pwani

Zana za pwani zina adui mwingine, nao ni hewa ya chumvi. Chuma cha pua kisichopakwa kitu hushika kutu upesi katika hewa hii, na kutu hula makali kwanza, kwa sababu ndiko chuma kilikokuwa chembamba. Baada ya kazi, hasa kazi ya ufukweni, suuza zana kwa maji ya kisima, ikaushe kabisa, kisha ipake mafuta kidogo. Usiihifadhi juu ya mchanga au katika gunia bichi. Itundike.

Elimu hii si ngeni kwetu

Pengine utasema, "Mambo haya ya kaboni ni ya wageni." Sivyo. Katika karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi, katika pwani hii hii ya Afrika Mashariki, walichimba chuma na kufanya biashara nacho. Huko bara, wahunzi wa Kirongo, kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, walifua majembe ambayo yalifika mbali kwa biashara.

Na huko Buhaya, mkoani Kagera, katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tena tanuri la kuyeyushia chuma kama walivyolikumbuka kutoka ujana wao. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliichunguza kazi hiyo, na pia mabaki ya matanuri ya zamani yaliyofukuliwa huko. Mwaka 1978 walichapisha habari kwamba wahunzi wa eneo hilo walikuwa wakipata chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua, tangu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wahunzi hao hawakuwa na vipimo vya joto. Walikuwa na macho, masikio na mazoea.

Wewe pia una macho. Mwenye kujua rangi ya chuma hahitaji mashine ya bei kubwa. Anahitaji makaa, sumaku na subira. Kipande cha springi kilichotupwa kando ya barabara kinaweza kuwa patasi itakayolisha nyumba kwa miaka mingi. Na patasi iliyonunuliwa kwa fedha nyingi inaweza kufa kwa dakika moja ya cherehe.

Kama mko kikundi, anzeni pamoja. Kusanyeni vipande vya springi, mjaribu kwa kipande kimoja kimoja, na mwandike katika daftari rangi mliyoizamishia, rangi mliyoilegezea, na jinsi zana ilivyofanya kazi. Kwa msaada zaidi ulizeni ofisi ya SIDO ya mkoa wenu. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya kuhudumia viwanda vidogo.

Mambo ya kukumbuka

Kupasha, kuzamisha, kulegeza: usiache hata moja.

Pasha kivulini, tazama rangi za kulegeza penye mwanga.

Sumaku ikiacha kuvuta, umekaribia.

Zana inayogongwa sana ilegezwe zaidi.

Buluu kwenye ncha ya patasi ni dalili kwamba ugumu umepungua.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini misumari ya kawaida haikubali matiko?

2. Shoka na kisu cha mgema vimefuliwa kwa chuma cha namna moja. Utavilegeza kwa rangi moja? Eleza sababu.

3. Kwa nini maji ya bahari hupoza chuma upesi kuliko maji ya kisima?

4. Mafuta yakishika moto utafanya nini, na nini hutafanya kamwe?

5. Kagueni mapanga, mashoka na visu vya nyumbani kwenu. Ni zana zipi zilizopoteza matiko, na ziliyapotezaje?